Maoni ya Chiriku Juu ya Wageni Wadogo

Televisheni iliporudisha ile filamu ya zamani iitwayo Wageni Wadogo, mtaa mzima uliingia katika ubishi juu ya mama mmoja ambaye hakuwahi kuwepo duniani. Wengine walisema angefungua mlango. Wengine walisema alifanya la maana kutoufungua. Watu waliosalimiana vizuri miaka yote walianza kuangaliana kwa pembeni kwa ajili ya mlango wa mbao ndani ya filamu.

Kwa ambaye hakuiona, mambo yenyewe ni haya. Katika mji mdogo wanapotea watoto saba kwa siku moja. Mwaka unapita, wanarudi. Wanarudi jioni, wamevaa kola nyeupe, na hawajakua hata kidogo. Kila mmoja anasimama mbele ya nyumba ya kwao, hapepesi macho, hatoi neno. Nyumba inayomfungulia mtoto wake, kukicha watu wake hawana sauti tena. Midomo inacheza, hakisikiki kitu. Mwishoni anabaki mtoto mmoja, mdogo kuliko wote, mwenye doa la nywele nyeupe kwenye unyusi wa kushoto. Anagonga mlango wa mama yake. Mama anauegemea mlango kwa mgongo, machozi yanamchuruzika, na hafungui. Skrini inakuwa nyeusi, na gizani humo mtoto anaendelea kugonga mpaka majina ya waigizaji yanakwisha kupita.

Katika majina hayo yule mdogo hamo. Aliandikwa pamoja na wenzake, "watoto wengine", basi. Lakini mtaani alikuwepo, mzima wa afya, mwenye kitambi kidogo na karakana ya makochi. Doa la unyusi halikuwa rangi wala poda. Alizaliwa nalo, na kwa sababu hiyo wateja walimwita Fundi Nyusi.

Fundi hakuwahi kulificha jambo hilo, ila hakulitangaza pia. Alipokuwa na miaka sita mama yake alikuwa akifanya usafi katika hoteli walimofikia watu wa filamu, na mwongozaji alimwona kakaa kwenye ngazi, akaupenda ule unyusi. Alivalishwa kola, akaambiwa asimame hapa, agonge pale. Filamu ilipotoka mama yake alimpeleka kuitazama, naye akalala mapajani kabla hata ya kujiona. Maisha yakaendelea. Mkewe alipomwuliza, siku za uchumba, kama kuna lolote asilolijua juu yake, Fundi alimwambia kwamba aliwahi kuwa nyota wa kugonga milango. Wakacheka, yakaisha.

Wakati huu lakini hakukuwa na kicheko, kwa sababu ya Chiriku.

Chiriku alikuwa binti wa mkewe, mwenye miaka minane. Jina hilo alipewa na baba yake mzazi, marehemu, kwa vile alianza kusema mapema na hakunyamaza tena. Fundi alipoingia katika nyumba ile mwaka mmoja nyuma alimkuta chiriku asiyelia. Alisalimiwa kwa adabu zote, akapishwa njia, akapewa kiti, na hapo ndipo maongezi yalipokomea. Hakulazimisha. Hata jina la Baba Chiriku hakulitaka, ingawa majirani walijaribu kumvisha. Aliona lina mwenyewe. Mtoto akamwita Fundi kama wateja wamwitavyo, naye akaitika.

Kilichowakutanisha ni makochi. Kochi kuukuu likichanwa kitambaa, chini ya sponji na mikanda hutoka vitu vya kila aina: vitana, vifungo, funguo za milango isiyojulikana, na mara moja jino la maziwa la mtoto wa watu. Fundi aligundua kwamba Chiriku akirudi shule hupunguza mwendo mbele ya karakana. Siku moja akamwachia kochi lililokwisha kuchanwa, mkono uweze kupita, akaendelea na kazi yake. Siku iliyofuata mtoto alikuja na begi lake akakaa. Baada ya hapo maneno yakaanza kudondoka, moja moja kwanza, kisha kama bomba lililozibuka. Alimsimulia walimu wote, ugomvi wote wa foleni, ndoto zote. Fundi alikuwa msikilizaji mzuri kwa sababu mafundi wa makochi hufanya kazi na misumari midogo katikati ya midomo, na mwenye misumari mdomoni hawezi kumkatiza mtu. Alijibu mh, na mh-mh, na pale habari ilipokuwa nzito alitema misumari kiganjani kwanza.

Kisha ikaja ile Jumapili ambayo Chiriku alishinda kwa bibi yake, mama wa mama yake. Aliporudi jioni alikaa mezani mkabala na Fundi, akamtazama uso, hasa upande wa kushoto, mpaka chakula kikapoa. Mama yake alimwuliza kama anaumwa. Akasema haumwi.

Kesho yake alipita mbele ya karakana akikimbia. Na siku iliyofuata vivyo hivyo, begi likimpigapiga mgongoni, uso kageuzia upande wa pili wa barabara. Nyumbani alirudi kwenye salamu na adabu. Fundi alijikuta amekaa na misumari mdomoni akimsikiliza mtu ambaye hayupo.

Halafu kukawa na jambo la komeo. Fundi ndiye aliyetangulia kuamka katika nyumba ile, akachemsha maji ya chai. Asubuhi moja alikuta komeo la mlango wa uani limefunguliwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyelifunga jioni. Akajilaumu kwa usahaulifu. Lakini likakutwa wazi tena, na tena. Mwishowe mkewe, akitoka kufua, alimwona Chiriku kapanda kigoda kabla ya kwenda kulala, analivuta komeo taratibu huku kajiuma mdomo. Alipomwuliza anafanya nini, mtoto alishuka, akasema anakwenda kulala, na akaenda.

Mke alikuwa muuza dawa, mtu aliyezoea kuuliza mpaka aelewe. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, akarudi na jibu: Jumapili ile Bibi na mjukuu walikuwa wameitazama Wageni Wadogo, tangu mwanzo hadi mwisho.

Fundi akasema kwamba sasa ameelewa. Mtoto ameuona unyusi. Amejua ni nani anayelala chumba cha pili, na anajiwekea njia ya kukimbilia.

Mkewe alitaka kutia kufuli. Fundi akakataa. Alisema mtu mwenye hofu akikuta mlango umefungwa ndiyo utakuwa umemwua, na ua una ukuta na geti lenye kufuli lake, hakuna wa kuingia. Badala yake alichukua mafuta ya cherehani akalipaka lile komeo, lisimbane mtoto vidole. Mkewe alimtazama akiwa amepiga magoti kwenye sakafu na kitambaa chake cha mafuta, akaenda kusimama jikoni kidogo bila shughuli yoyote.

Fundi hakuwa mtu wa kukurupuka. Kochi linapoletwa limebonyea, hakimbilii kuweka sponji mpya. Kwanza hulikalia, hulisikiliza, hutafuta ni spring ipi iliyokata tamaa. Ndivyo alivyoamua kufanya na jambo hili. Yeye hakuijua ile filamu, alijua tu upande mmoja wa mlango. Akaamua kuuliza walioiona wanaona nini ndani yake, pengine apate kujua mtoto ameona nini.

Alianza kwa jirani yake, Kinyozi, kwa kuwa kidevu chake nacho kilihitaji kazi. Duka lilikuwa limejaa watu na wote walikuwa na maoni. Kinyozi alisema yule mama ni jiwe. Mtoto wako anagonga, hata kama amerudi na mkia, unafungua. Angekuwa yeye angemwingiza, angemkalisha kwenye kiti, angemnyoa vizuri, halafu ndiyo aanze kuuliza maswali. Nusu ya utisho wa watoto wale, kwa maoni yake ya kitaalamu, ilikuwa ni nywele. Dereva wa lori aliyekuwa akisubiri zamu alisema Kinyozi anaongea kwa sababu hana cha kupoteza. Nyumba zote zilizofungua zilipoteza sauti, zote, sasa yule mama alikuwa na sababu gani ya kudhani yake itasalimika? Mama alikuwa na watoto wengine ndani. Kumpenda mmoja nje kusiwaue wawili ndani.

"Ngoja," Fundi alisema, na Kinyozi akauinua wembe. "Ina maana mwisho hafungui?"

Duka zima lilimgeukia.

"Nyusi, si wewe ulikuwepo?" Kinyozi aliuliza.

"Nilikuwa upande wa nje."

Walicheka mpaka dereva akalazimika kufuta macho. Fundi alicheka nao, kwa sababu kweli ilichekesha. Ila aliporudi karakana alikaa juu ya sponji ambazo hazijakatwa, akawa anakitazama kiganja chake. Miaka yote hiyo alikuwa amejichukulia tu kwamba mlango ulifunguliwa. Aligonga, mwongozaji akasema inatosha, na kwake yeye mtu akigonga hufunguliwa. Hakuwahi kufikiri kwamba wanaweza kuwa wamekata hapo.

Mwalimu mmoja, mwanamke mtulivu aliyeleta viti vyake vya mezani kubadilishwa kitambaa, alikuwa na maoni tofauti. Yeye hakujishughulisha na mlango. Alisema filamu inaanza na wazazi wakiwaambia watoto wanyamaze: nyamaza tunakula, nyamaza baba kachoka, nyamaza wageni wapo. Kisha watoto wanarudi wamenyamaza kweli, na wazazi hao hao wanatetemeka. Alisema yeye alipoiona mara ya kwanza hakulala, na alipoiona mara ya pili alikwenda kuwaamsha wanawe awaulize siku yao ilikuwaje, na wanawe wakamwomba awaache walale. Akamweleza Fundi kwamba Jumamosi mchana wataionyesha katika ukumbi wa maktaba, na baadaye watazamaji watatoa maoni. Angependa sana kama yeye angekuja kusema machache. Fundi alimwambia kwa upole kwamba hana la kusema, maana aliyoyafanya ni kugonga tu.

Wa mwisho alikuwa Bibi. Huyo alimkuta barazani anachambua mchele kwenye ungo. Alipomwuliza kuhusu filamu, Bibi alisema wale watoto hawakuwa na ushetani wowote, walikosa kula. Ukiwatazama mashavu utaona. Mwaka mzima nje, nani alikuwa akiwapikia? Fundi akamwuliza, na Chiriku je, yeye alisema nini baada ya kuitazama? Hapo Bibi akaongeza kasi ya kuchambua.

"Mkwe wangu," alisema bila kuinua macho, "mambo mengine si ya kuchokonoa. Yaache yalale."

Kwa Fundi hilo lilitosha. Hata Bibi, asiyeweza kushika siri ya bei ya nyanya, ameona haya kumwambia. Basi hofu ya mtoto ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani.

Asubuhi iliyofuata, maji ya chai yalipokuwa yakichemka, alimwambia mkewe. Ataenda kulala karakana kwa muda. Kuna kochi kubwa la mteja aliyesafiri, hatalala vibaya. Mtoto apumue, komeo lipumzike, kisha wataona. Mkewe aliweka kikombe chini.

"Nyumba hii ilishapoteza mtu mmoja," alisema.

"Sipotei mimi. Ni mtaa wa pili tu."

"Na yeye utamwambiaje?"

Fundi alisema hatamwambia chochote kizito. Ataondoka mchana kweupe, kwa amani, kama anayekwenda kazini. Mkewe alikuwa na mengi ya kusema juu ya hilo, akayasema yote, na saa ya kazi ilipofika bado alikuwa nayo mengine. Lakini kila aliposema kwamba mtoto atazoea, Fundi alimwuliza atazoeaje akiwa anaogopa kila jioni, na hapo mke aligeukia jambo lingine, kwa sababu naye alikuwa ameyaona yale macho mezani.

Kwa hiyo siku hiyo hiyo, alasiri, Fundi alikuwa chumbani akikunja mashuka. Alichukua mashati mawili, taulo na mswaki, akavitia katika mkoba ambao kwa kawaida hubebea nyundo. Akauweka kando ya mlango wa mbele, akarudi jikoni kuhakikisha jiko limezimwa. Alipotoka alimkuta Chiriku amefika kutoka shule. Alikuwa amesimama juu ya mkoba, mguu huku na mguu huku, kama mtu aliyekamata kuku.

"Unaenda wapi?"

Lilikuwa swali la kwanza alilomwuliza tangu ile Jumapili.

Fundi akasema anakwenda kulala karakana siku chache. Akasema kazi ni nyingi.

"Kazi zako hazina mashuka."

"Chiriku, mama yangu," Fundi alisema, akachuchumaa ili asiwe mrefu. "Najua umeniona kwenye ile filamu. Najua ninatisha pale. Sitaki ulale na wasiwasi nyumbani kwako. Nikiwa kule utalala vizuri, na komeo utalifunga."

Mtoto alimtazama kama anayetazama mtu aliyejibu hesabu ya mtoto mwingine.

"Hutishi," alisema.

"Sitishi?"

"Wale wakubwa wanatisha. Yule msichana wa mbele anatisha sana. Wewe una baridi." Alifikiri. "Ulikuwa unagonga na mkono unakuwa mwekundu, na yule mama yupo, anasikia, kwa sababu analia. Kama anasikia kwa nini hafungui?"

Fundi akasema hajui.

"Mimi nafungua," Chiriku alisema. Na bomba likazibuka. Alisema yeye kila siku akishapiga mswaki anafungua komeo la uani kwa sababu mlango wa mbele una funguo mbili na haufikii, na kwa sababu yule mtoto bado yuko nje. Fundi yuko ndani, ndiyo, hilo analijua, si mjinga, lakini yule mdogo hakuingia, filamu imeisha yuko nje, na yule mdogo ni Fundi. Sasa kama hakuingia alikaa wapi miaka yote? Akija atakuta wazi. Hata akinyamaza si neno, atasema yeye. Na karakana haji kwa sababu Bibi alimwambia akome kumkumbusha Fundi habari hizo, mtu mzima akikumbushwa alivyofungiwa nje anaumia moyo, na yeye Chiriku anajijua, akikaa karibu na Fundi atasema, lazima atasema, ndiyo maana alikuwa anakimbia. "Na sasa nimesema," alimaliza, mdomo ukaanza kutetemeka, "na wewe unaondoka."

Fundi alikaa chini kabisa, pale pale sakafuni, mgongo kwenye ukuta. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kunena, lakini safari hii hakufikiri.

"Siondoki," alisema.

"Ondoa mashuka basi."

"Nitayaondoa."

Chiriku hakushuka kutoka kwenye mkoba. "Nani alikufungulia?" aliuliza.

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo. Kinyozi hakumwuliza, wala mkewe, wala yeye mwenyewe hakujiuliza. Ilimbidi arudi nyuma polepole, mahali ambapo hakuwa amepita miaka mingi: ile taa kali, ile kola iliyokuwa ikimkwaruza shingo, ule mlango wa kijani. Na hapo akakumbuka kwamba nyuma ya ule mlango hapakuwa na nyumba. Ulikuwa mlango wa bandia tu, umesimamishwa katikati ya uwanja, na kwa kuwa ulikuwa mwepesi ukigongwa ulitikisika, seremala aliwekwa nyuma yake ameuegemea kwa mgongo.

"Seremala," alisema. "Mzee mnene. Alikuwa amekaa nyuma anaushikilia, ana mkate mkononi. Mwongozaji aliposema inatosha, yule mzee akafungua, akachungulia. Akaniambia, kijana, unagonga kama askari, mkate wangu umeanguka mara mbili."

Chiriku alikuwa ameacha kutetemeka. "Halafu?"

"Halafu akaniingiza. Ingawa pa kuingia hapakuwepo, upande wa pili ulikuwa uwanja ule ule. Lakini alisema karibu ndani, nikapita mlangoni, akaufunga. Akanikatia mkate. Tukakaa mpaka mama alipokuja kunichukua."

"Mama yako alikuja?"

"Alikuja. Alikuwa na ndoo yake na kila kitu."

Mtoto aliyapima maneno hayo. Kisha akashuka kwenye mkoba, akaufungua, akatoa taulo, akaenda kulitundika bafuni. Alirudi kuchukua mswaki. Mkewe Fundi aliporudi kutoka kazini aliwakuta wawili hao wanatandika kitanda, mmoja kila upande, na binti yake akieleza bila kituo kwamba seremala yule alikosea kumpa mtoto mkate mtupu bila kitu cha kunywa. Hakuuliza. Alivua viatu, akashika pembe ya shuka.

Ni Chiriku aliyesema waende maktaba. Mama yake alisita, Bibi alipinga kwa kirefu, lakini mtoto alisema yeye ameiona tayari na Fundi hajaiona, na si haki mtu asijue alichokifanya. Jumamosi mchana wakaenda wote wanne. Ukumbi ulijaa. Kinyozi alikuwa amefunga duka. Dereva wa lori alikaa nyuma yao na miguu yake mirefu. Mwalimu alimwona Fundi akafurahi, ila hakumwita mbele. Alimwinamishia kichwa tu.

Fundi alikaa kati ya mkewe na Chiriku. Alishangaa jinsi filamu ilivyokuwa nzuri. Wale watoto wenzake, ambao yeye aliwakumbuka wakigombania chupa za soda, walisimama wakati wa magharibi wakitazama madirisha, na vinyweleo vya mikono yake vikasimama. Bibi alinong'ona kwamba wayatazame mashavu. Kisha ukaja mlango wa kijani, na mbele yake mvulana mdogo mwenye doa kwenye unyusi, kola imemzidi.

Hakujitambua kwanza. Aliona mtoto tu. Alimwona mtoto anainua mkono, anagonga, na picha ikahamia upande wa pili, kwa mwanamke ambaye Fundi hakuwahi kukutana naye maishani, mgongo kwenye mlango, machozi, mikono imebana gauni lake. Hakuwa jiwe. Kinyozi alikosea. Alikuwa mtu mwenye hofu anayesubiri jambo lipite. Fundi aligundua kwamba anamwonea huruma, na kwamba wakati huo huo anataka sana, kuliko alivyotarajia, mama yule ageuke na kushika kitasa.

Mtoto akagonga. Akagonga tena.

Chiriku akapiga magoti juu ya kiti chake. Hakupaza sauti. Alisema kama anayemwambia mtu aliyekaa karibu na mlango nyumbani, siku ya kawaida:

"Fungueni. Huyo ni wa kwetu."

Watu wawili watatu walicheka gizani, kicheko kidogo, kikazimika. Nyuma yao dereva wa lori, aliyekuwa upande wa mama tangu mwanzo, alikohoa.

"Haya mama," alisema kwa sauti nzito, "mfungulie mtoto, wenyewe wametuambia ni wa kwao."

Skrini ikawa nyeusi. Kule kugonga kukaendelea, na majina yakaanza kupanda. Mkono wa mkewe ulikuwa katika mkono wa Fundi, hakujua tangu lini. Upande wa pili Chiriku alimwegemea begani kwa uzito wake wote, kama watoto wafanyavyo kwa mtu ambaye hawana haja ya kumwomba ruhusa, na akamwonyesha kwa kidole mahali palipoandikwa "watoto wengine".

Taa zilipowaka Mwalimu alisimama mbele, akawashukuru waliofika, akauliza nani angependa kuanza kutoa maoni. Kinyozi alikuwa ameinua mkono. Lakini Chiriku alikwisha kupanda juu ya kiti, amevuta pumzi ndefu ya mtu mwenye mengi, na Fundi akamshika gauni kwa nyuma asianguke.